Kisima Nacho Hufungwa

Wahenga walisema, maji ya kifuu bahari ya chungu. Sisi watu wa Pwani tumezoea kumchelea mtoto bahari, tukasahau kwamba mtoto mchanga ni kama huyo chungu: ndoo moja ya maji yatosha kumwua.

Tutazame Eldoret, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2024. Uko mbali na bahari, juu yake kwa zaidi ya mita 2,000. Hata hivyo Mto Sosiani wapita katikati, na mashimo ya mawe yaliyoachwa hujaa maji ya mvua. Katika mtaa wa Langas, wanakoishi wengi wa kipato kidogo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa kaya 91 katika kila 100 zilizohojiwa zilitegemea visima. Kisima uani ni neema. Kikikosa kifuniko ni kaburi lililo wazi. Mama akitoka alfajiri kutafuta riziki, nani hubaki kumchunga mtoto? Mara nyingi ni mtoto mwenziwe.

Msiba ukitokea, twasema ni kudra. Kweli ni kudra, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba aliyekufa maji huhesabiwa miongoni mwa mashahidi. Hayo ni maliwazo kwa mfiwa, si ruhusa ya uzembe. Mtume huyo huyo alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mungu. Basi kisima nacho hufungwa.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, takriban robo yao watoto wasiotimiza miaka mitano. Kinga inayopendekezwa yajulikana: kufunika visima, kuzungushia mashimo uzio, kuweka mahali pa kulelea wadogo wazazi wakiwa kazini, kufundisha kuogelea waliotimiza miaka sita, na kuwafunza majirani kuokoa kwa kamba au ubao badala ya kujitosa ovyo. Mwenye nyumba apokeaye kodi kila mwezi hawezi kushindwa na kifuniko cha mbao. Nayo kaunti ya Uasin Gishu yapasa ihakikishe mashimo ya mawe yanafukiwa.

Wala sisi tusijione tumesalimika. Visima viko Kisauni na Likoni pia. Kabla ya Magharibi ya leo, kila mmoja akatazame cha uani kwake.