Kabla hajaingia boksi, jua jeni zenu

Ukimuuliza msee wa Rangwe kuhusu selimundu, hakosi kukutajia jirani ama binamu. Sisi wa ukanda wa ziwa tumeishi na malaria tangu zamani, na jeni ya selimundu hustawi penye malaria. Ukiirithi kwa mzazi mmoja, inakukinga kiasi dhidi ya malaria kali. Ukiipata kwa wazazi wote wawili, ndio unaugua.

Sasa sikia sayansi ilipofika. Kwenye ploti, ukitaka kujua swichi gani ni ya taa ya choo, unazima moja moja. Watafiti hufanya hivyo na seli. Wana maktaba za vipande vidogo vya RNA, kila kimoja cha kunyamazisha jeni moja. Binadamu ana takriban jeni 20,000 za kuunda protini. Unazima moja, unaangalia seli itafanya nini. Andrew Fire na Craig Mello walieleza ujanja huo kwa minyoo mwaka wa 1998, wakashinda Nobel 2006.

Mwaka wa 2008, watafiti wa Boston walitumia RNA hivyo kunyamazisha jeni ya BCL11A kwenye seli za damu. Himoglobini ya utotoni, ile isiyoharibiwa na selimundu, ikapanda. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023, inalenga jeni hiyo hiyo. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2.

Hiyo pesa utatoa wapi? Hata ukiuza shamba na ng'ombe wote wa ukoo, hufiki. Lakini kungoja ishuke bei si mpango.

Mpango ni kupima. Mnaulizana kuhusu HIV kabla ya ndoa, ulizaneni pia kama ni AA ama AS. Nyote mkiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa mtoto mgonjwa. Sisemi muachane. Nasema mjue, ili mtoto apimwe akizaliwa, akingwe na maambukizi mapema, na daktari aamue kuhusu hidroksiurea.

Na wewe unayepiga kura Homa Bay, mwanasiasa akija na leso na unga, muulize: kila mtoto anayezaliwa hapa atapimwa selimundu lini? Asipojibu, endelea kuuliza. Na ukisikia mama akilaumiwa eti amerogwa, mwambie mwenye mdomo kwamba baba pia alitoa jeni.