Bibi akianguka, sikiliza na pumzi yake

Bibi yangu mzaa mama alianguka mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza alikuwa anaanika kanga uani. Mara ya pili alikuwa anageuka jikoni na sufuria mkononi. Mara ya tatu alikuwa anashusha ungo uliotundikwa ukutani, akavunjika mkono, akafungwa muhogo kwa wiki sita.

Kila mara sisi familia tulikuwa na jibu. Ya kwanza tulisema uwanja unateleza, si unajua Lushoto na mvua zake. Ya pili tulisema uzee. Ya tatu tulisema macho. Mjomba akanunua viatu visivyoteleza. Mama akanunua kiti kizuri chenye mito, akatoa amri kwa nyumba nzima: kuanzia leo Bibi akae, asishike kitu.

Hakuna aliyetaja kifua. Bibi ana ugonjwa sugu wa mapafu, ule ambao njia za hewa huharibika na kubana taratibu mpaka kutoa pumzi kunakuwa kazi. Madaktari huuita COPD. Hajawahi kuvuta sigara hata siku moja, lakini amepika kwenye mafiga matatu tangu akiwa msichana, katika jiko lisilo na dirisha. Kikohozi chake tulikizoea kama tulivyozoea jogoo wa jirani. Pampu yake ya kuvuta anayo, na anaitumia. Tuliona kifua ni jambo moja na kuanguka ni jambo jingine.

Aliyetuunganishia ni mtaalamu wa fiziotherapia tuliyempelekea Bibi kwa ajili ya ule mkono. Hakuanza na mkono. Aliuliza, "Siku alizoanguka, alikuwa anafanya nini kwa mikono yake?" Mama akahesabu: kuanika, kubeba, kushusha ungo. Yule kijana akatikisa kichwa, kisha akatueleza kitu ambacho mimi ninayeandika habari za afya sikuwa nimekifikiria.

Msuli mmoja, kazi mbili

Kati ya kifua na tumbo kuna msuli mpana uliokaa kama mwavuli, unaitwa dayaframu. Ukivuta hewa, mwavuli huo unashuka na mapafu yanajaa. Hiyo ndiyo kazi tunayoijua. Kazi yake ya pili ni kushika kiwiliwili. Ukiinua mkono ghafla, dayaframu hukaza pamoja na misuli ya tumbo na mgongo ili usiyumbe.

Kwa mwenye COPD, hewa hunaswa ndani. Kifua kinabaki kimejaa, na ule mwavuli unasukumwa chini mpaka unakuwa bapa. Msuli uliokwisha kunyooka hauna nguvu ya kuvuta vizuri. Ndipo misuli ya shingo na mabega inaitwa kusaidia kupumua. Umewahi kumwona mgonjwa wa kifua ameinama, viwiko juu ya magoti, mabega yamepanda? Anaipa misuli hiyo mahali pa kushikilia.

Sasa mwambie mtu huyo ainue mikono aanike nguo. Mabega yaliyokuwa yanasaidia pumzi yanakwenda kubeba mikono. Dayaframu inabaki na pumzi na kiwiliwili kwa pamoja, na ikizidiwa inachagua pumzi. Kiwiliwili kinakosa wa kukishika. Mguu ukiteleza kidogo tu, hakuna wa kumrudisha.

Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliwapima wagonjwa wa COPD wakiwa wamesimama. Wale wenye misuli dhaifu ya kupumua walitegemea zaidi vifundo vya miguu kujishikilia, na mgongo ulisaidia kidogo. Kwenye sakafu tambarare mtu anaweza kwenda hivyo. Kwenye uwanja wenye mawe na matope, hapana.

Ongeza na miguu yenyewe. Mtu anayehema akitembea huacha kutembea, na mapaja hupungua nguvu. Dawa za vidonge za jamii ya steroidi, zikitumiwa mara kwa mara kwa muda mrefu, nazo hudhoofisha misuli na mifupa. Akianguka mara moja anaogopa, anakaa. Akikaa, misuli inaisha zaidi, na pumzi inakuwa fupi zaidi. Kiti kile tulichomnunulia Bibi kwa upendo kilikuwa kinamdhoofisha.

Tulichofundishwa

Kwanza mgonjwa aonwe na daktari, apimwe na kiwango cha oksijeni. Kuanguka kunaweza kuletwa pia na presha, sukari, moyo au macho. Akiruhusiwa, haya ndiyo tuliyopewa:

Kupumua. Vuta hewa kwa pua, kisha itoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama unayepoza chai. Muda wa kutoa uwe mrefu kuliko wa kuvuta. Wakati wa kuinua au kusukuma kitu, ndipo utoe pumzi, usiibane.

Kusimama na kuketi. Kiti imara kilichoegemezwa ukutani. Simama, keti, bila kujisukuma kwa mikono kama unaweza. Bibi alianza na mara tatu, akapumzika.

Kujishikilia. Simama kando ya meza nzito, mtu akiwa karibu. Miguu pamoja kwanza. Kisha mmoja mbele ya mwingine. Baadaye, ukiweza, mguu mmoja.

Kutembea. Dakika chache kila siku, kwa mwendo ambao bado anaweza kusema maneno mawili matatu. Akishindwa kabisa kuongea, apunguze.

Kupanga nyumba. Kamba ya nguo tuliishusha usawa wa kifua. Vyombo anavyotumia kila siku viko usawa wa kiuno. Kupepeta na kuchambua mchele anafanya ameketi mezani, viwiko vimeegemea.

Haya si ya kubuni. Toronto, Kanada, wagonjwa wa COPD walipoongezewa mazoezi ya kujishikilia mara tatu kwa wiki kwa wiki 6, usawa wa miili yao uliimarika kuliko wale waliofanya mazoezi ya kawaida ya mapafu peke yake. Na si lazima kwenda mbali: katika Hospitali ya Mulago, Kampala, mpango wa mazoezi wa wiki 6 umejaribiwa kwa watu walioachwa na mapafu mabovu baada ya kuugua kifua kikuu, kwa vifaa vya kawaida tu.

Vipo pia vifaa vidogo vya kuvutia hewa kwa ukinzani, vya kuimarisha misuli ya kupumua. Usinunue mtandaoni kwa kubahatisha. Mtaalamu ndiye anayepanga uzito wake, na havichukui nafasi ya mazoezi ya miguu.

Acha zoezi mara moja ukiona maumivu ya kifua au kizunguzungu. Midomo ikigeuka bluu, mgonjwa akichanganyikiwa au akishindwa kumaliza sentensi akiwa ameketi, usisubiri kesho, nenda hospitali. Na kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe kifua kikuu.

Jiko la leo

Mzazi mwenzangu unayesoma hapa na mtoto mgongoni, hii ni habari yako pia. Shirika la Afya Duniani linasema COPD iliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na karibu asilimia 90 ya vifo vya walio chini ya miaka 70 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Moshi wa jikoni ni moja ya sababu. Mkakati wa Taifa unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kabla gesi haijafika kwako, pika nje inapowezekana, tumia kuni zilizokauka, toboa dirisha, na mtoto asikae jikoni moshi ukiwaka.

Bibi bado anakohoa. Mapafu yaliyoharibika hayarudi, hilo tuliambiwa wazi. Ila tangu aanze mazoezi, mwezi wa tisa huu, hajaanguka. Nilipokwenda likizo nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akiwa amesimama, kisha akanitania, "Mke mwenzangu, hesabu." Akasimama na kuketi mara kumi mbele yangu, akahema, akapoza chai yake ya hewa, akacheka.

Wazee wengi huficha kuanguka kwa sababu wanaogopa kukatazwa kila kitu. Kwa hiyo wiki hii ukipiga simu nyumbani, baada ya salamu na "mmekula nini", uliza mengine mawili: umeanguka tangu tuongee? Na ulikuwa unafanya nini kwa mikono?