KOMPYUTA ZA STOO NI WAKFU, SI TAKATAKA



Wazazi wetu na ndugu zetu wa Bwesumbu, Kasese mjini na Bwera, baada ya kumshukuru Allah (s.w.t.) na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), leo tuna neno limetukaa moyoni na tutalisema bila kuzunguka. Katika madrasa zetu kuna kompyuta za mezani zimefungiwa stoo. Nyingine zimo humo mwaka wa sita, nyingine wa kumi. Juu yake yamepangwa magunia ya maharage na mikeka mibovu ya msikiti. Moja tuliikuta kuku ametagia nyuma ya monita. Na wakati huohuo kamati inapita na bahasha nyumba kwa nyumba, inachangisha fedha za kununua tableti mpya!

Sisi walimu tulilipinga jambo hili kikaoni. Tukajibiwa kwamba tunapenda vitu vya kizee. Hajji mmoja, mtu tunayemheshimu sana, akatuuliza, "Sasa ustadhi, mnataka wajukuu zangu wasome kwenye makombo ya wengine?" Watu wakacheka, kikao kikafungwa kwa dua. Hatukupata nafasi ya kumjibu, basi tunamjibu hapa.

Hajji, mashine hizo zilitolewa ili watoto wasome. Aliyezitoa alinuia thawabu. Kitu kilichotolewa kwa nia hiyo ni wakfu, na wakfu ni amana iliyo shingoni mwetu. Shamba la wakfu likiachwa liwe pori tunagombana, tunaitana hadi kwa kadhi. Kwa nini kompyuta ya wakfu ikiliwa na kutu tunanyamaza? Aya ya 26 na ya 27 za Suratul Israa tunawahifadhisha watoto, na ubaya wa ubadhirifu tunawaeleza ubaoni, kisha wanatoka nje wanaona mlango wa stoo.

Na hilo la makombo. Bibi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akishona nguo zake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe. Mbora wa viumbe alitia kiraka. Sisi nani hata tuone aibu kushika bisibisi?

Wengine wanaikumbuka bajeti ya mwaka 2009, serikali ya Uganda ilipotangaza marufuku ya kuingiza nchini friji, televisheni na kompyuta zilizotumika. Wanasema, "Serikali yenyewe ilishaziita takataka." Ndugu zetu, marufuku ile ilihusu kuingiza mitumba kutoka nje, ili nchi isigeuzwe jaa la wengine. Haikusema zilizokwisha kuingia tuzifungie. Ukiitazama vizuri, hoja ile inatuunga mkono sisi: kama hatutaki jaa, basi kilichomo humu kitumike mpaka mwisho wake.

Tuliomba ufunguo. Tukazitoa sita, tukazianika uani na kuzipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli (vumbi la miaka yote hiyo, tulipiga chafya mpaka Alasiri). Ya kwanza ilikuwa inalia tu bila kuonyesha picha. Tulichomoa vijiti vya ramu, tukasugua meno yake ya shaba kwa raba ya kufutia penseli, tukarudisha. Ikawaka. Gharama yake ni raba ya mtoto wa P3. Ya pili iliwaka lakini kila ikizimwa inarudi miaka ya nyuma, na kwa sababu ya tarehe hiyo ya uongo kurasa za intaneti zilikuwa zinaikataa. Ugonjwa ulikuwa betri ndogo ya duara, CR2032, inayouzwa hata kwa fundi wa saa. Ya tatu ilikuwa inazimika baada ya dakika kumi. Feni imejaa nyuzi za buibui, na ile dawa nyeupe ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka kama chokaa. Tulifuta, tukapaka nyingine. Ya nne ilikuwa nzito tu, diski yake imezeeka. Hiyo ndiyo iliyotugharimu: tuliitia SSD ndogo ya GB 120 na ramu iliyotumika ya GB 4, na vyote viwili havikufika bei ya mbuzi wa akika.

Mbili tuliziacha, nazo tuseme ukweli wake, maana hatutetei kila bati. Moja kapasita za madabodi zilikuwa zimevimba vichwa na kuvuja. Tuliichukulia vipuri. Nyingine ni Pentium 4 ya zile za mwisho. Nyingi ya hizo, prosesa peke yake imepangiwa wati 84 hadi 115, ilhali Core 2 Duo za mezani zilizotoka mwaka 2006 nyingi zimepangiwa 65 na kazi wanafanya zaidi. Kwa sisi wa milimani huku tunaotegemea sola, Pentium 4 ni mgeni anayemaliza chungu kizima peke yake. Hapo Hajji ana haki, na tunamwachia. Na wazazi tuwaonye: sanduku la umeme la kompyuta na monita zile za kichogo zisifunguliwe na mtoto, zinahifadhi umeme hata zikiwa zimechomolewa. Wala zisichomwe moto nyuma ya jiko. Kioo cha monita hizo kina risasi.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuuma zaidi, nalo ni programu. Mashine nyingi zilizoletwa kwetu zilikuwa na Windows ya kunakili, ile ya kupigiwa na kijana wa mtaani kwa bei ya soda. Tunafungua Qur'ani Tukufu juu ya kitu cha wizi! Msidhani ni ukali wetu wa kimadrasa. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwaka 1988, ilipitisha kwamba haki za watungaji na wabunifu zinalindwa na sheria na si halali kuzivamia. Na zaidi ya uharamu, hazina hata faida. Windows XP iliachwa na wenyewe mwaka 2014, Windows 7 mwaka 2020, na Windows 10 ikakoma kuhudumiwa bure tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, ambayo mashine hizi za stoo hazina.

Halali ipo, tena bure. Zile nne tumeziwekea Linux Mint ya Xfce, ile nyepesi, kwa flashi moja ya GB 8. Ya kuandikia ni LibreOffice. Wala hili si geni kwa Waswahili: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Wakati ule tulisifu. Kisha tukarudi kunakili.

Kuna mama aliyetuambia simu inatosha. Mama, simu mtoto huingia nayo chini ya blanketi. Kompyuta ya mezani inakaa mezani, kioo kinatazama mlangoni, na kila apitaye anaona kinachosomwa. Hatuwezi kupata ulinzi wa rahisi kuliko huo. Tena siku mtoto akifika Senior 5 atatakiwa kuchagua kati ya hisabati ndogo na ICT, na mwenzake wa Kampala atakuwa ameshazoea kuandika kwa vidole kumi. Wa kwetu atakuwa bado anatafuta herufi A.

Tableti tunazochangishiwa, kioo kikipasuka ni kununua nyingine. Nani kati yetu hapa Bwesumbu anaweza kuifungua? Kompyuta ya mezani mtoto wa miaka kumi na tatu ameifungua mbele yetu, ameondoa diski, ameirudisha, na sasa anamfundisha mdogo wake. Anajua kapasita ni ipi. Mjomba wake aliyekuja kumchukua alikaa chini akatazama, akasahau safari.

Kwa hiyo ombi letu kwa kamati ni hili: bahasha zisimame kwanza, na stoo zote zifunguliwe, za Kasese na za Bwera pia, tuhesabu kilichomo mbele ya wazazi. Mwenye ofisi ambayo sasa inatupa mashine kwa sababu ya Windows 10, asiziuze kwa kilo. Atuletee, na tutafuta diski yake mbele ya macho yake, siri zake ziondoke. Jumamosi baada ya Adhuhuri tupo uani. Anayekuja aje na bisibisi ya nyota, na kama ana ramu ya DDR2 au DDR3 imelala kabatini, aje nayo.