Johannesburg: Jirani anapotiwa alama

Tarehe 11 Mei mwaka 2008 mashambulizi dhidi ya wageni yalizuka katika kitongoji cha Alexandra, Johannesburg, kisha yakaenea kwingineko nchini. Watu 62 waliuawa na jeshi likaitwa kuwasaidia polisi.

Wavamizi waliwatambuaje wageni? Baadhi ya waliosimamishwa njiani walitakiwa kutaja kiwiko cha mkono kwa Kizulu. Aliyeshindwa alihesabiwa kuwa mgeni.

Hapo tunaikumbuka Ujerumani ya Wanazi. Kwa amri za tarehe 8 Machi mwaka 1940, Wapoland waliopelekwa huko kufanyishwa kazi walilazimishwa kuvaa kifuani alama ya herufi P. Tofauti ni kubwa: kule ubaguzi ulikuwa sheria ya dola iliyokuwa imeivamia Poland, Johannesburg ni raia waliojichukulia sheria mkononi. Hata hivyo, kote kuwili jirani alitiwa alama kwanza, ndipo ikawa rahisi kumdhuru.

Tena alama hiyo haikuwalinda wenyeji. Kati ya waliouawa mwaka 2008, 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini, nchi iliyokuwa na lugha rasmi 11.

Mwaka 2021 kundi la Operation Dudula lilianzishwa Soweto, na wafuasi wake wakawa wakidai vitambulisho kwenye milango ya zahanati. Novemba mwaka 2025 mahakama kuu mjini Johannesburg ililipiga marufuku kufanya hivyo. Kwa maoni yetu, serikali inapaswa kuisimamia hukumu hiyo mlangoni penyewe, kabla mgonjwa hajarudishwa nyumbani.