Wajenzi Wadogo wa Bahari



Kaskazini-mashariki mwa Australia kuna mwamba wa matumbawe unaoenea zaidi ya kilomita 2,000 kando ya pwani. Kwa kweli ni miamba karibu 3,000 iliyopangana baharini. Humo huishi samaki wa aina zipatazo 1,500, pamoja na kasa, nguva, papa na chaza wakubwa. Mwaka 1981 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Nani aliujenga? Tumbawe si jiwe wala mmea. Ni wanyama wadogo wengi wanaoishi pamoja, kila mmoja akijijengea kikombe cha chokaa. Mwilini mwao wamehifadhi mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Wao huipa makao, nayo huwalisha kwa nguvu ya jua. Wakifa, chokaa yao hubaki, na wengine hujenga juu yake. Nasi imani tuliipokea hivyo hivyo, juu ya kazi ya waliotutangulia.

Maji yakipata joto kupita kiasi, ushirika huo huvunjika. Tumbawe hubaki jeupe kama mfupa, na joto lisipopungua mapema, hufa. Mwaka 1998 hayo yalitokea Australia, yakatokea pia hapa pwani ya Afrika Mashariki.

Joto la dunia halipozwi na mtu mmoja. Lakini kuna baruti. Nilipohudumu parokia ya pwani, kijana mmoja aliniambia waziwazi: "Padre, nikirusha chupa moja napata samaki wa kutwa nzima. Na wateja wananisubiri ufukweni." Nilikuwa nimejiandaa kumwonya juu ya dhambi yake. Maneno yake ya mwisho yalininyamazisha, maana samaki niliyemla jana yake sikuwa nimeuliza alivuliwaje.

Mlipuko mmoja huua wakubwa na vifaranga, na kwa kufumba na kufumbua huvunja kazi ya miaka mingi. Kitabu cha Mwanzo kinatueleza kwamba siku ya tano Mungu aliwabariki viumbe wa baharini, kabla hata mwanadamu hajaumbwa. Tunachokilipua kina baraka yake.

Basi juma hili ukifika sokoni, uliza. Mshike samaki. Wa baruti nyama yake hulegea, mifupa huwa imevunjika ndani, na damu imevilia tumboni. Usimnunue, hata bei ikiwa nafuu. Kijana yule hataacha kwa mahubiri yangu peke yake. Ataacha siku atakapofika ufukweni asimkute mteja.

Mwamba ule mkubwa ulijengwa na wadogo wengi. Wa kwetu nao unabomolewa na wengi, kila mmoja akidhani sehemu yake ni ndogo.

Nawatakia Dominika njema.