Makanga Hapokei "Uzoefu"

Wasee wa sheria, tusidanganyane. Ndio uwe wakili Kenya lazima ufanye uanagenzi wa miezi 6 chini ya wakili mwenye angalau miaka 5 kazini. Sawa, sina noma na hiyo. Lakini unatuma barua thelathini, unajibiwa moja: njoo, ila hatulipi. Unatoka Githurai saa kumi na moja alfajiri, unakimbiza faili Milimani, unaandika hoja ambazo mteja amezilipia. Na bosi anakijua vizuri Kifungu cha 41 cha Katiba, malipo ya haki kwa kila mfanyakazi. Anakitaja kortini kwa sauti! Kwako anasema unapata uzoefu. Anayemaliza bila deni ni yule analipiwa nyumba na babake. Mwingine anarudi kuuza mitumba, digrii iko kwa kabati. Mheshimiwa, toa basi hata nauli.