Msituhesabie Mibofyo

Afisa wa serikali akipanda jukwaani kuzungumzia huduma za mtandaoni, tarakimu humtangulia. Sisi Wakenya tumezizoea. Mfumo wa eCitizen ulianza mwaka 2014 ukiwa na huduma chache. Juni 2023 Rais William Ruto akatangaza kwamba zimepita 5,000. Siku hizi tunaambiwa zimepita 20,000. Baada ya hapo husomwa idadi ya waliojisajili, kisha mamilioni ya shilingi yanayokusanywa kwa siku. Ukumbi unapiga makofi, magazeti yanachapa, na wengi wetu tunarudi nyumbani tukiamini kwamba huduma zimekuwa bora.

Imani hiyo ni potofu, na inatugharimu. Wingi wa huduma zilizopandishwa mtandaoni, wingi wa watu wanaoingia na wingi wa fedha zinazolipwa hauelezi kama mwananchi alipata alichokifuata. Kuna nyakati ambapo tarakimu hizo hupanda kwa sababu hakukipata.

Tazama cheti cha tabia njema. Kijana anayetafuta kazi ya ulinzi Nairobi hawezi kukikwepa, wala dada anayejiandaa kwenda kufanya kazi Saudi Arabia. Anaingia eCitizen, anajaza maelezo yake, analipa shilingi 1,050, hamsini kati ya hizo zikiwa ada ya mfumo wenyewe. Kwa mtambo wa serikali, shughuli imekamilika: mtu ameingia, amejaza, amelipa. Kwa yule kijana ndiyo kwanza inaanza. Fomu lazima ichapishwe, na nyumbani hakuna printa. Alama za vidole lazima zichukuliwe ana kwa ana, katika kituo cha Huduma au ofisi za idara ya upelelezi, DCI, na nauli ni juu yake. Halafu anasubiri, na kila akiamka anaingia tena kwenye akaunti yake kuangalia kama cheti kimetoka. Akiingia mara kumi, mtambo unaandika ziara kumi. Kuchelewa kwa ofisi kumegeuzwa ushahidi kwamba tovuti inapendwa. Ni sawa na zahanati inayohesabu waliokaa kwenye foleni na kuwaandika kuwa wamepona.

Kosa hili lina chanzo. Vipimo vingi vya tovuti vilibuniwa kwa ajili ya wauzaji na wachapishaji, watu ambao hupata faida msomaji akikaa muda mrefu na kurudi mara nyingi. Gazeti hufurahi ukikaa dakika ishirini kwenye ukurasa mmoja. Ukikaa dakika ishirini kwenye ukurasa wa kuomba pasipoti, umekwama. Huenda picha yako imekataliwa bila maelezo, au hujui cheti chako cha kuzaliwa kina namba ipi inayotakiwa. Mtu akikamilisha shughuli ya serikali kwa dakika nne na asirudi hapo miaka kumi, huo ndio ushindi, ingawa kwa vipimo vya wauzaji anaonekana mteja aliyepotea.

Anayedhani nawaonea maafisa wetu na ayatazame yaliyoikuta Marekani, nchi isiyopungukiwa fedha wala wataalamu. Tovuti ya bima ya afya, HealthCare.gov, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013. Serikali ya Rais Obama ikasema watu milioni 4.7 waliitembelea katika saa 24 za mwanzo, na maafisa wakaieleza idadi hiyo kuwa dalili ya kiu kubwa ya wananchi. Baadaye nyaraka za ndani zilitolewa na kamati ya Bunge la huko. Siku hiyo ya kwanza, waliofanikiwa kujiandikisha walikuwa sita. Si elfu sita wala mia sita. Tovuti ilimlazimisha kila mtu kufungua akaunti kabla hajaruhusiwa hata kulinganisha bima, na mlango huo wa akaunti ndio uliozidiwa. Wahandisi walioitwa baadaye kuinusuru walishangaa kukuta hakuna hata dashibodi ya kuwaonyesha mfumo unafanya nini na unakwamia wapi. Ikabidi waanze na hilo. Walipoona mahali watu wanapoanguka, ndipo walipoweza kurekebisha, na kufikia Aprili 2014 zaidi ya watu milioni 8 walikuwa wamejiandikisha kupitia masoko ya bima ya serikali kuu na ya majimbo.

Kati ya milioni 4.7 na sita, ipi ilikuwa habari ya siku ile? Zote mbili zilikuwa kweli. Moja ilifaa jukwaani, nyingine ilikuwa na manufaa kwa mwenye nia ya kutengeneza.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo mtambo wa kuhesabu hauwezi kuliona, nalo ni saiba, vibanda vya kukodisha kompyuta na intaneti. Nenda Machakos, Kisii au Mtwapa, utakuta vibanda vimebandika matangazo ukutani: KRA, pasipoti, NTSA, HELB. Kijana wa saiba hujaza fomu za watu wengi kutwa nzima kwa kompyuta moja. Mama aliyekuja na kitambulisho chake ndani ya leso hagusi kibodi. Nywila yake anaichagua kijana yule, pengine hata barua pepe iliyosajiliwa ni ya kijana yule. Kisha serikali inatangaza kwamba wananchi wamekumbatia huduma za kidijitali. Mama hajakumbatia chochote. Amelipia mtu amvushe kizingiti ambacho hakikuwapo alipokuwa akihudumiwa na karani. Ukifika mwisho wa Juni, msimu wa kuwasilisha marejesho ya kodi, hata asiye na kipato cha kutozwa kodi hulipia saiba ili ajaziwe sifuri. Malipo hayo hayamo katika hesabu yoyote ya gharama ya huduma, ilhali yametoka mfukoni mwa maskini. Simlaumu kijana wa saiba, maana anaziba pengo. Wa kulaumiwa ni anayelitazama pengo hilo na kuliandika kuwa mafanikio.

Tena, ni haki gani ya kujivunia wingi wa watumiaji mahali ambapo mlango ni mmoja? Mwaka 2023 serikali iliagiza malipo ya huduma zake yapitie namba moja, 222222. Baada ya agizo hilo watumiaji walipaswa kuongezeka, watake wasitake. Julai mwaka huohuo mfumo uliposhambuliwa na kundi lililojiita Anonymous Sudan, tuliona uzito wa mlango mmoja: viza, tiketi za treni na tokeni za umeme zilitatizika kwa siku kadhaa. Wale waliobofya wakaambulia ukurasa usiofunguka hawakuacha alama kwenye takwimu za waliofanikiwa, na hawakuulizwa chochote. Ndivyo ilivyo hata siku za kawaida. Maswali ya kuridhika huwekwa ukurasa wa mwisho, baada ya malipo, kwa hiyo hujibiwa na waliofika. Aliyeishia hatua ya tatu kwa sababu bando limekwisha hana pa kusemea.

Najua nitajibiwa kwamba afadhali vipimo hivyo kuliko kutokuwa na kipimo. Sikubali. Kipimo kibovu huleta matendo mabovu. Wizara ikijua itasifiwa kwa idadi ya huduma, itaikata huduma moja vipande ili zihesabike nyingi. Itapandisha mtandaoni fomu ya kuchapishwa na kuiita huduma. Mwananchi gani anaweza kutaja hata huduma arobaini kati ya hizo 20,000 alizowahi kuzihitaji?

Waingereza walilifikiria jambo hili mapema. Idara yao ya huduma za kidijitali, GDS, iliyoundwa mwaka 2011, iliitaka kila huduma ipime mambo manne: gharama ya kila shughuli moja, watu wangapi waliridhika, wangapi walioanza walimaliza, na wangapi walichagua njia ya mtandao badala ya njia nyingine. Tarakimu hizo ziliwekwa hadharani, kila raia azione. Sisemi walifaulu kila mahali. Mfumo wao wa kuthibitisha utambulisho, GOV.UK Verify, ulitarajiwa kumthibitisha mtu katika majaribio 90 kati ya 100. Februari 2019 kiwango kilikuwa asilimia 48. Kwa waombaji wa Universal Credit, msaada unaotegemewa na wenye kipato duni, waliofaulu walikuwa asilimia 38, maana mfumo ulitaka historia ya mikopo na hati ambazo wengi wao hawakuwa nazo. Watumiaji walilengwa wafike milioni 25 ifikapo 2020, na Februari 2019 walikuwa milioni 3.6. Mkaguzi wa hesabu za serikali akayaandika yote hayo, na mwaka 2023 mfumo ukafungwa. Kama kipimo pekee kingekuwa waliojisajili, milioni 3.6 ingesomwa jukwaani na kupigiwa makofi. Asilimia 48 ndiyo iliyowanyima wakubwa nafasi ya kujificha.

Kinachonikera ni kwamba takwimu tunazozihitaji tayari zimo ndani ya seva. Kila fomu ya mtandaoni ina hatua, na kompyuta inajua ni wangapi walianza kila hatua na wangapi waliivuka. Inajua ni kisanduku gani kinachotoa ujumbe wa kosa mara nyingi kuliko vingine. Inajua kama wenye simu ndogo wanaanguka pale ambapo wenye kompyuta wanapita, na ni malipo mangapi yalikatwa M-Pesa bila kuonekana kwenye akaunti ya mwombaji. Maneno ambayo watu huandika kwenye kisanduku cha kutafuta wakarudishiwa ukurasa mtupu ni barua za wananchi kwa serikali yao, na kuzisoma hakuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Hakuhitaji majina ya watu pia. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haivunjwi kwa kuhesabu ni wangapi walikwama kwenye kisanduku cha saba.

Mahali ambapo kompyuta haioni, apelekwe mtu. Aketi saiba kutwa, atazame watu wanakwama wapi na wanalipa nini. Apige simu kwa walioacha njiani. Apime siku tangu malipo mpaka cheti kiwe mkononi, kwa sababu hapo ndipo huduma inapoishia, hata kama idara mbili zinabishana nani mwenye hatua ya mwisho.

Tuanze na huduma moja, hiyohiyo ya cheti cha tabia njema. Kila mwezi ukurasa wake uonyeshe walioanza kuomba, waliolipa, waliochukuliwa alama za vidole, waliopata cheti, na siku walizosubiri, kwa kila kaunti. Wabunge wanapoidhinisha bajeti ya mfumo wadai jedwali hilo kabla ya kusikiliza habari ya huduma 20,000. Wanahabari nao, waziri atakapotaja mamilioni ya walioingia, wamuulize papo hapo: wangapi walimaliza?